Wazee wa Jumanne

12 Januari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu umekataa katakata mambo ya maana yasemwe kwa simu, ati simu ni ya misiba na ya watu waliokosea namba. Haya, nimekaa na kalamu.

Kazi imekwisha. Ukoo mzima bado unaniuliza mchumi anatafuta nini hospitalini, na jibu langu ni lile lile: napima kama matibabu fulani yanamfaa mtu kiasi cha kustahili kile kinachotumika kwake. Wenzangu wengi wanapima chanjo na upasuaji. Mimi nilichagua wazee na afya ya akili, mambo mawili ambayo kwenye kila bajeti huwekwa mwisho, baada ya rangi ya ukuta. Wewe unajua kwa nini nilichagua. Ulimuuguza Babu miaka sita mpaka akakusahau jina, na hakuna mtu aliyewahi kuihesabu miaka hiyo mahali popote.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili si la kupendeza. Unakumbuka tulivyoanza. Mshauri wa nasaha alianzisha kikao cha kila Jumanne hapo kwenye makao yenu ya wazee, wakae pamoja waseme yaliyo moyoni. Chumba kinabeba kumi na sita tu, nanyi mna wazee thelathini na mmoja, kwa hiyo tukapiga kura. Kumi na sita wakaingia, kumi na watano wakasubiri zamu. Tukawapima wote kwa fomu kabla ya kikao kuanza, tukawapima tena baada ya miezi kumi. Wanalala? Wanakula? Wana huzuni? Wana mtu wa kumweleza shida zao?

Matokeo ni kwamba hakuna tofauti. Wa kikao na wa kusubiri wote wana alama za juu. Kabla walikuwa juu, baada wako juu. Kikao hakijaongeza kitu. Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti, na imeshafika kwa Mwenyekiti wa bodi yenu. Tarehe 20 Machi bodi itakaa kuamua kama Mshauri aendelee au kikao kifungwe. Najua utanuna. Lakini nilipoomba kufanya utafiti kwenye makao ambayo mama yangu mdogo ndiye msimamizi wa wahudumu, niliapa kwa maandishi kwamba undugu hautagusa namba, na haukugusa.

Mwanao,
Bi Asilimia


21 Januari

Bi Asilimia,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimevua miwani kwa sababu nilishaijua kwa moyo. Sijanuna. Mimi na kununa tuliachana zamani.

Nataka nikuulize tu kibinadamu. Fundi Saa unamjua, yule mzee aliyekuwa akitengeneza saa za mkononi kwenye kibanda, kitanda cha tisa. Tangu alipoletwa hapa alikuwa ameelekea ukutani. Mwaka mzima. Ukimpa chai inapoa, ukimgeuza anageuka tena. Nilimlisha kwa kijiko huku nikimsimulia umbea wa jirani zake, naye hana habari na mimi. Kikao cha kwanza tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu. Kikao cha saba akasema neno moja, "dirisha," akitaka lifungwe. Leo asubuhi nimemkuta amesimama juu ya meza ya chakula, ameishusha saa ya ukutani na kuifungua matumbo. Sasa kila anayepita anamuuliza saa ngapi ili tu amsikie anavyofoka. Amegombana hata na mpishi, na mpishi amefurahi.

Na Karani, yule mama aliyefanya kazi masjala, ambaye kura ilimnyima nafasi. Kila Jumanne anavaa viatu, anabeba mkoba, anakwenda kukaa kwenye kiti nje ya mlango wa kikao. Anasikiliza sauti tu, maneno hayafiki. Wakitoka, na yeye anainuka anarudi kitandani kama aliyetoka kazini.

Sasa namba zako ziliangalia wapi? Nilipokufundisha kuhesabu kwa punje za maharage hukuwa unaacha hata moja chini ya mkeka.

Mwenyekiti ameshaanza kupima chumba cha kikao kwa futi. Anataka kiwe stoo ya magodoro. Nimemwambia Machi bado, aiweke futi yake mfukoni. Wewe kula vizuri, na Profesa wako asikutumikishe.

Mama yako mdogo


2 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imeniharibia wiki.

Kwa kawaida habari ya mzee mmoja hainitikisi, ndiyo kazi yangu kutotikiswa. Kila mtu ana mzee wake mmoja aliyepona. Lakini umeandika kwamba Fundi Saa alielekea ukutani mwaka mzima, nami nikakumbuka kwamba kwenye fomu zangu hakuna mtu yeyote aliyeelekea ukutani. Nikaenda kabatini nikaitoa fomu namba tisa, ile ya kwanza, ya kabla ya kikao.

Imeandikwa: analala vizuri. Anakula vizuri. Hana huzuni. Ana watu wengi wa kuwaeleza shida zake. Huyo ni mzee ambaye hakuwa akifungua mdomo.

Nikazitoa zote. Katika wazee thelathini na mmoja, ishirini na tisa wanalala vizuri. Mimi nina miaka thelathini na sita, mzima wa afya, na silali hivyo. Kwenye kompyuta zilikuwa namba tu, nikazifurahia, nikasema makao ya Mama Mdogo yana matunzo bora. Sikushtuka hata kidogo. Hilo linaniuma kuliko yote. Zingetoka kwenye makao mengine ningezitilia shaka siku hiyo hiyo.

Na mwandiko wa fomu namba tisa naujua. Ndio ulioandika jina langu kwenye madaftari yote ya shule ya msingi. Aliyepaswa kuandika ni msaidizi wangu niliyemtuma.

Nakuuliza bila kuzunguka. Siku ile ilikwendaje?

Mwanao


26 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilimpigia Mshauri kwa jambo jingine, akaniambia uko mzima na unafoka kama kawaida, basi si ugonjwa.

Kuna jambo sikukueleza. Profesa anaacha ukuu wa kitengo mwaka huu na jina langu ndilo lililopelekwa juu. Utafiti huu ndio ulionibeba: wa kwanza ninaouongoza mwenyewe, umekwisha kwa wakati, na matokeo yake hayana utata. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia ujue kwamba ukinyamaza, mimi ndiye nitakayefaidika. Na bado nataka useme.

Bodi inakaa tarehe 20. Barua inachukua wiki. Hesabu hiyo unaiweza bila maharage.

Mwanao


4 Machi

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Ya tano ndiyo hii, na karatasi zimeniishia, kwa hiyo itakwenda ilivyo.

Taarifa yenu ilifika wiki mbili kabla: tarehe fulani wataalamu watakuja kuwapima wazee. Sasa wewe uliyekulia kwangu, mgeni akisema anakuja, tunafanyaje? Basi nikafanya hivyo. Niliwaogesha wote tangu alfajiri. Nikatoa mashuka mapya yaliyofungiwa kabatini, nikawanyoa wanaume ndevu, supu ikapikwa yenye nyama. Nikapita kitanda hadi kitanda nikawaambia, wazee wangu, leo tuna wageni, tusiaibishane. Wakaitikia. Mzee hawezi kumweleza mgeni wa rika la mjukuu wake kwamba analia akiwa peke yake. Na kama yupo aliyetaka, mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kila kitanda na chupa ya chai.

Msaidizi wako alipofika kwa Fundi Saa hakupata kitu. Nikamwambia, lete nikusaidie, huyu namjua. Nikaijaza. Alikuwa amechoka, akanishukuru. Nikajaza na nyingine tano za wale wanaosahau. Mara ya pili nilifanya vivyo hivyo, tena kwa ustadi zaidi.

Sikuona kwamba ni uongo. Niliona ni mtihani. Unakumbuka yale makao ya upande wa pili wa mji, wakaguzi walipokuja wakaandika "hali mbaya"? Mwezi uliofuata yakafungwa, wazee wakatawanywa huku na huku, na wawili walikufa kabla hawajapata kitanda kingine. Mmoja nilimwosha mimi. Nikaapa kwamba kwangu hakuna atakayeandika maneno hayo. Nikataka wazee wangu wapate alama za juu. Hakuna aliyenieleza kwamba mgonjwa akipewa alama zote siku ya kwanza, dawa haina pa kumpandisha. Nimelielewa hilo kwenye barua yako, nikakaa chini sakafuni.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya watu wengine, nikiwa na nia njema na sabuni. Kikao chao kinafungwa kwa mkono wangu. Naona aibu, mwanangu, na sijaizoea, ndiyo maana nimekawia.

Usinitetee.

Mama yako mdogo


11 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nilikasirika kwa siku moja kamili. Nilimfokea msaidizi wangu, nikaufokea mlango wa kabati, nikakufokea wewe ukiwa mbali huko. Nilipomaliza nikajiuliza ni nani aliyewatangazia tarehe wiki mbili kabla. Ni mimi. Nani aliyemtuma mtu mmoja akaulize wazee thelathini na mmoja kwa siku moja? Mimi. Nani aliyeona sawa mzee aulizwe kama ana huzuni mbele ya msimamizi wake? Nimesoma miaka kumi na moja kupima mambo haya, na nikasahau kwamba nyumba hujiandaa kwa mgeni. Mimi mwenyewe niliyefagia ua wako kila mjomba alipokaribia kufika.

Leo nimemwandikia Mwenyekiti. Ripoti naiondoa. Nimemwambia vipimo viliharibika kwa kosa langu la kitaalamu na si la mtu mwingine. Sikukutaja popote. Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu, kwa hiyo safari hii funika kombe mwanaharamu apite. Nakuomba, kaa kimya.

Profesa nimemweleza. Akaniuliza kama najua ninachokitupa. Nikamjibu nakijua mpaka desimali ya pili.

Mwanao,
Bi Asilimia


11 Machi

Mwanangu,

Barua yangu ya wiki iliyopita bila shaka umeipata, na najua ulivyo. Utataka kujitwisha. Ulipokuwa darasa la tatu mwenzako alivunja kioo cha jirani na wewe ukakubali kuchapwa, ati ulikuwa karibu.

Kwa hiyo nakuwahi. Keshokutwa nakwenda kwa Mwenyekiti. Nimeandika maelezo kurasa mbili, karatasi nimeazima kwa mpishi, nimetia sahihi yangu yote, siyo ile ya haraka. Nakala nimempa Mshauri, endapo Mwenyekiti atapatwa na usahaulifu. Mshauri aliisoma, akanishika mkono, na mimi nikamwambia asinifanyie ushauri wake, bado niko kazini.

Nimeosha watu wazima miaka thelathini na sijawahi kumwomba mtu anibebee ndoo.

Mama yako mdogo


23 Machi

Bi Asilimia mkaidi,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani, natumaini zilisalimiana. Ile yako kwa Mwenyekiti nayo ilifika, ikawekwa jalada moja na maelezo yangu.

Sasa vuta picha. Tarehe 20 bodi imekaa, watu saba na chupa zao za maji. Mwenyekiti anasoma barua ya mtaalamu inayosema kosa ni lake peke yake. Wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Anafunua ukurasa, anasoma maelezo ya msimamizi yanayosema kosa ni lake peke yake. Vichwa vikasimama. Nikaitwa ndani. "Mama," akaniambia, "hapa kwa kawaida tunakaa saa tatu kumtafuta mkosaji. Leo ninao wawili wanagombania. Nimwamini nani?" Nikamwambia, "Niamini mimi, maana yeye hakuwepo." Mjumbe mmoja alicheka akajifanya anakohoa.

Niliwaeleza yote, chai na mashuka na ndevu. Nikawaambia, mimi msinisamehe, lakini msikifunge kikao kwa sababu ya uongo wangu. Uamuzi ni huu. Kikao kiendelee mpaka mwisho wa Julai. Kabla ya hapo wazee wapimwe tena, siku isiyojulikana, na watu wasionijua. Matokeo hayo ndiyo ya mwisho: yakitoka hakuna tofauti, chumba kinakuwa stoo na hakuna rufaa. Mimi nimevuliwa usimamizi. Nimepelekwa chumba cha nguo, kazi yangu ni kukunja mashuka.

Usilie, mashuka hayana kinyongo. Barua yako ya kunifunika nimeisomea huko huko, nikakasirika, nikafurahi, nikakasirika tena. Sasa fanya kazi yako.

Mama yako mdogo


14 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Ukuu wa kitengo amepewa mwenzangu, yule anayepima upasuaji wa nyonga. Ni mtu mwema na nyonga zake hazijawahi kumletea matokeo ya aibu. Nilinuna siku nne, nikachoka. Profesa ananisalimia kwa upole uliozidi kiasi, kama mtu aliyefiwa, na nimemwomba aache.

Nimechagua wadadisi wanne wa kuwahoji wazee, watu wazima wenye watoto wao, si wa rika la wajukuu, na nawafundisha mwenyewe. Wataingia bila taarifa. Watakaa na mzee mahali ambapo hakuna mhudumu wala chupa ya chai. Hawatatoa fomu mpaka wawe wamekaa kidogo. Na nimeongeza swali la kwanza: "Jana ilikuwaje tangu ulipoamka?" Mtu akiulizwa hali yake anajibu kwa adabu, akiulizwa jana anaeleza jana. Mmoja ameniuliza, je, mzee akinyamaza? Nikamwambia aandike kwamba amenyamaza. Kunyamaza nako ni jibu, na safari hii hakuna mtu wa kumjazia.

Naandika pia makala kuhusu kosa lenyewe, ili mwingine asilirudie. Nimekwenda kuisema mbele ya watafiti wenzangu na hakuna aliyecheka; watatu walinifuata baadaye kuniambia wanakwenda kufungua makabati yao. Jina lako halimo. Langu limo mara sita.

Tarehe ya kupima sikwambii, hata ukinililia. Kama kikao kinawasaidia wazee wako tutaliona hilo, na kama hakiwasaidii nitaandika vile vile.

Mwanao,
Bi Asilimia


19 Julai

Bi Asilimia,

Marahaba. Wamekuja jana, Alhamisi, saa tatu asubuhi, watu wanne na mabegi, na hakuna aliyekuwa na habari. Ilikuwa aibu tupu. Fundi Saa ana doa la chai kifuani. Karani hajachana nywele. Chumba cha tatu kinanuka mkojo na dirisha limekwama. Mikono iliniwasha kwa kutaka kusafisha. Nilitoka na shuka safi, nikafika mlangoni, nikajikamata, nikaenda kukaa nalo kwenye benchi la wazee pale ukumbini ili nisiende popote.

Fundi Saa nilimsikia, maana siku hizi hasemi polepole. Mdadisi kamuuliza jana ilikuwaje. Akasema, "Mbaya. Niliamka nikamtafuta mke wangu. Amekufa miaka tisa." Yule dada hakuandika upesi, alingoja. Fundi Saa akaendelea, "Juzi ilikuwa afadhali. Juzi kilikuwa kikao. Niliwaambia habari zake mpaka nikachoka, nikala, nikalala." Halafu akamuuliza mdadisi ile saa yake ya mkononi aliinunua wapi, maana inachelewa dakika nne.

Karani aliulizwa karibu na mimi. "Jana nilikaa," akasema. "Juzi?" "Juzi nilikaa mlangoni."

Nimeogopa, mwanangu. Mabaya yaliyosemwa jana kwa saa tano sijayasikia kwa miaka thelathini, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwalaza. Yule mzee mcheshi wa kitanda cha kumi na nne, ambaye hunipigia saluti kila asubuhi, kumbe analia kila siku akiisha kupiga saluti. Alama zitatoka chini. Sijui bodi itasemaje ikiziona, na sijui wewe utazigeuzaje. Nangoja.

Mimi mzima. Mashuka yote yamekunjwa.

Mama yako mdogo


3 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nianze na la bodi, kwa sababu hata nikiliweka mwisho utaruka ukalitafute.

Alama ziko chini, kweli, na sikuzigeuza. Ndivyo zilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Lakini safari hii wa kikao na wa kusubiri hawalingani tena. Katika kumi na watano wanaosubiri, kumi na mmoja wamesema hawana mtu hata mmoja wa kumweleza shida zao. Katika kumi na sita wa kikao, wawili. Wa kikao wanalala zaidi, wanakula zaidi, na hata wenye huzuni wanajua ni huzuni ya nini. Wazee ni wachache na mtu mbishi anaweza kunibishia. Namkaribisha, majibu ninayo. Mwenyekiti alinipigia jana. Kikao kinabaki, na cha pili kitafunguliwa siku ya Alhamisi kwa ajili ya wanaosubiri. Karani ataingia ndani akae.

Sasa la pili. Makao yenu yana wazee thelathini na mmoja. Mimi nimeletewa fomu thelathini na mbili.

Nilidhani mdadisi amemhoji mtu mara mbili, nikamwita. Akaniambia hapana, huyu wa mwisho alimkuta kwenye benchi la ukumbini pamoja na wenzake, hana sare, ana shuka mapajani. Alimwamkia, akamwomba dakika chache. Yule mama alisogea kumpisha, akasema anazo.

Kwa utaratibu, asiye mkazi hahesabiwi, kwa hiyo nimeitoa. Lakini nimeisoma. Jana ilikuwaje? "Nilikunja mashuka. Hakuna aliyeniita." Unalala? "Kidogo, tangu Machi." Una huzuni? Hapo mdadisi ameandika: "Alinyamaza. Baadaye akasema ndiyo, tangu baba yake alipofariki." Una mtu wa kumweleza shida zako? "Ninaye. Yuko mbali. Namwandikia kila mara, namwandikia habari za wazee."

Nilifunga mlango wa ofisi nikalia mpaka mwenzangu wa nyonga akaja kubisha hodi, akidhani nimeletewa habari ya msiba. Babu amefariki miaka kumi na miwili iliyopita, Mama Mdogo. Kwa miaka hiyo yote nimekuwa nikiwauliza watu nisiowajua maswali haya, nyumba kwa nyumba, na nimesifiwa kwa namna ninavyouliza. Wewe sijawahi kukuuliza hata moja. Nilikuona imara nikaandika imara, bila kukupa hata nafasi ya kunyamaza.

Nimeomba likizo ya mwezi mzima na nimepewa. Nafika Jumamosi, tarehe 17, kwa basi la asubuhi. Nitakaa jikoni kwako bila karatasi wala kalamu, nikuulize maswali yote tisa ya fomu, na tutaanza na lile ulilolinyamazia kwanza.

Mwanao